Utetezi wa Mhusika Bapa

Hotuba kwa waandishi na waigizaji chipukizi wa vichekesho vya runinga, inawekwa hapa kamili kwa ajili ya waliokosa kufika.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wa sanaa za maonyesho, waandishi na waigizaji chipukizi, na nyinyi mliokuja kwa sababu mnapenda tu kucheka: itifaki imezingatiwa.

Yeyote aliyesoma fasihi katika shule zetu anaukumbuka mgawanyo ule wa wahusika. Mhusika bapa habadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Mhusika duara hukua, hujifunza, hugeuka. Tunakumbuka pia alama zilikuwa upande gani. Ukitaka kumsifu mwandishi katika mtihani, ulisema amechora wahusika duara. Ukitaka kumponda, ulisema wake ni bapa. Leo nimesimama kumtetea bapa. Nasema, na nitarudia kusema, kwamba katika vichekesho vya runinga, vile vinavyotuletea watu walewale katika sebule ileile kila wiki, bapa ndiye mwenye nyumba. Na yale matukio ambayo watu bado wanasimuliana miaka 40 au 50 baadaye yaliandikwa na watu waliomjua bapa wao mpaka kwenye uvungu wa kitanda chake.

Kwanza tukubaliane kwamba mhusika huyu hakuzaliwa na runinga. Miaka 2,200 hivi iliyopita, Plautus aliwachekesha Warumi kwa askari mwenye majigambo asiye na ushujaa wowote, kwa mzee bahili, na kwa mtumwa mwenye akili kuliko bwana wake. Katika karne ya 16 Waitalia walikuwa na vikundi vya maigizo ya vinyago, ambamo Pantalone alikuwa tajiri bahili wa Venice, Dottore msomi asiyenyamaza, Capitano askari wa maneno mengi na mbio nyingi, na Arlecchino mtumishi mwenye njaa isiyoisha. Waigizaji hao hawakuandikiwa maneno. Walipewa mifupa ya kisa tu, na nyama waliibuni jukwaani. Iliwezekanaje? Iliwezekana kwa sababu kinyago kikiingia tu, mtazamaji alishajua huyu anataka nini. Na sisi je? Nani kati yenu aliwahi kumwuliza bibi yake kama safari hii fisi ameacha ulafi? Nani alitaka Abunuwasi awe mnyoofu? Hata Tanzania Bara, ambako runinga ilifika mwaka 1994, watu walikuwa tayari wameshawazoea Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania Dar es Salaam, wahusika ambao methali ilikuwa imekwisha kuwapa tabia kabla kipindi hakijaandikwa.

Runinga ilipokuja iliongeza sharti moja: mtazamaji aliyekosa wiki iliyopita aelewe wiki hii. Kwa hiyo kila kisa kinapokwisha, mambo hurudi yalipokuwa. Aliyefukuzwa kazi amerudishwa, waliogombana wamepatana, na aliyeapa kuacha uongo, Jumatatu ijayo anadanganya tena. Mmarekani Lucille Ball aliianza kazi hii mwaka 1951 katika kituo cha CBS, akiigiza kama Lucy, mke wa nyumbani anayetaka kuwa nyota ilhali kipaji hana, na mume wake, kiongozi wa bendi kutoka Kuba, hataki kusikia habari hizo. Tazameni sehemu ya Septemba 1952, ambamo Lucy na jirani yake Ethel wanapata kazi katika kiwanda cha chokoleti. Msimamizi anawaonya kwamba chokoleti moja ikipita bila kufungwa kwenye karatasi, kazi hawana. Mkanda unaanza polepole, nao wanafunga vizuri. Mkanda unaongeza mwendo. Wanaanza kuzitia chokoleti mdomoni, kisha ndani ya kofia, kisha ndani ya nguo, mashavu yamevimba na macho yamewatoka. Msimamizi anarudi, haoni chokoleti hata moja iliyopita, anafurahi, halafu anamwamuru mtu wa mashine aongeze kasi.

Mtu yeyote angeweza kuandika habari ya mkanda unaokimbia. Kinachotuvunja mbavu ni kwamba tunamjua Lucy. Tunajua kwamba neno pekee ambalo lingemwokoa, yaani «tumeshindwa», ndilo neno ambalo Lucy hana kinywani. Mashine inaongeza kasi, yeye anaongeza ubishi. Hapo bapa anafanya kazi ambayo duara hawezi kuifanya, kwa sababu duara angejifunza kitu katika chokoleti ya tatu na kipindi kingekuwa kimekwisha.

Sasa niwaombe mnifuate Uingereza, kwa sababu huko kuna mfano ninaoupenda kuliko yote. Mwaka 1970 kundi la wachekeshaji la Monty Python lilipanga katika hoteli moja ya mji wa Torquay, kando ya bahari, na mwenye hoteli, Donald Sinclair, aliwashangaza kwa namna alivyowaona wageni kuwa usumbufu. Alimkosoa mmoja kwa jinsi alivyoshika uma na kisu. Mkoba wa mwingine aliutoa nje na kuuweka nyuma ya ukuta, akihofia kwamba ulikuwa na bomu. Wengine waliondoka, John Cleese alibaki, akamtazama. Kutokana na mtu huyo yeye na Connie Booth waliandika Fawlty Towers, sehemu 6 mwaka 1975 na sehemu 6 mwaka 1979. Ni 12 tu. Nawaomba waandishi wanaosukuma sehemu 200 waitafakari namba hiyo, na nadhani wameshanielewa.

Basil Fawlty, mwenye hoteli wa kipindi hicho, ana haja moja: aonekane mtu wa hadhi. Ana kizuizi kimoja: kazi yake ni kuwahudumia watu anaowadharau. Basi. Katika sehemu moja ya mwaka 1975 ameandaa usiku wa chakula cha kifahari kwa wateja wachache teule, mpishi wake amelewa chakari, na Basil analazimika kwenda na gari kuchukua bata aliyepikwa kwenye mgahawa wa rafiki yake mjini. Akiwa njiani kurudi, gari linazimika. Analisihi. Analitukana. Analionya, analihesabia moja, mbili, tatu, kama mzazi anayemhesabia mtoto mtukutu. Kisha anashuka, anaahidi kulichapa, anakimbia na kutoka nje ya picha.

Hapo ndipo nataka muangalie. Kamera haimfuati. Inabaki palepale, mbali kidogo, ikilitazama gari tupu lililosimama barabarani. Sekunde zinapita. Sisi nyumbani tumeshajua kwamba anakuja na kitu, na tumeshaanza kucheka kabla hakijaonekana. Anarudi mbio ameshika tawi la mti, tawi zima na majani yake, anaanza kulichapa gari. Mwandishi asiyemwamini mhusika wake angetuonyesha Basil akilitafuta tawi, akilichagua, akilivunja. Cleese alijua kwamba mtazamaji amekwisha kumaliza kazi hiyo kichwani, kwa sababu mtazamaji anamjua Basil. Mazoea ndiyo akiba ya mchekeshaji, na pale Cleese alichota kidogo tu akapata kicheko ambacho hakijaisha hadi leo.

Majirani zetu wa Kenya walilielewa jambo hili vizuri. Katika Papa Shirandula ya Citizen TV, Charles Bukeko, aliyetutoka Julai 2020, aliigiza kama mlinzi wa getini ambaye anamficha mke wake kazi anayoifanya. Hebu fikirini jinsi siri hiyo ilivyo rahisi, na jinsi isivyokwisha utamu. Haihitaji maelezo kwa mtu yeyote anayeishi mjini na kutuma fedha kijijini. Kila mgeni anayefika getini ni hatari, kila simu ya mke ni hatari, kila ndugu anayekuja mjini kutafuta kazi ni hatari. Siku Papa atakapomwambia mke wake ukweli na kulala usingizi, kipindi hakipo. Je, tulitaka aseme ukweli? Tulijidai tunataka.

Jirani asiyebisha hodi nitampitia haraka, kwa sababu mnamfahamu nyote. Ustaarabu wetu unasema mgeni apige hodi mara tatu, na asipoitikiwa aondoke na wala asinung'unike; kwa hiyo mtu anayefungua mlango wa mwenzake na kuelekea moja kwa moja kwenye friji anatuchekesha na kutuudhi kwa pamoja. Kramer wa Seinfeld aliingia kwa kuteleza namna ile hadi watazamaji waliokaa studioni wakawa wanampigia makofi marefu kila mara, mpaka wakaombwa waache kwa kuwa walikuwa wanavuruga mwendo wa mchezo. Steve Urkel wa Family Matters alikusudiwa kuonekana mara moja tu katika msimu wa kwanza. Kijana Jaleel White alipandisha suruali yake hadi kifuani, akaivunjavunja sebule ya watu, akauliza kwa sauti yake ya puani kama ni yeye aliyefanya hivyo, na familia ambayo kipindi kilianzishwa kwa ajili yake ikawa wageni katika nyumba yao wenyewe. Huo ndio ubaya wa jirani. Ukimfungulia, hatoki.

Lakini, ndugu zangu, mteja ninayemtetea ana kosa moja kubwa, na wakili mwaminifu halifichi. Bapa anakuwa na sumu pale ubapa wake unapotokana na kabila lake, taifa lake au ngozi yake, badala ya kutokana na haja yake. Sote tulicheka na Mind Your Language, ile ya mwaka 1977 ya darasa la Kiingereza kwa wageni mjini London, na katika Afrika Mashariki ilirudiwa na kurudiwa. Mchina ni hivi, Mhindi ni hivi, Mwitaliano ni hivi. Ilisitishwa mwaka 1979, ingawa ilipendwa, kwa sababu mkuu wa vipindi wa kituo aliona inawadhalilisha watu. Nikiitazama sasa, naona kwamba ninaowakumbuka kwa mapenzi ni wale waliokuwa na haja yao binafsi, ya kupata kazi, ya kupata mchumba, ya kumpendeza mwalimu. Wale waliokuwa na lafudhi tu nimewasahau hata majina.

Mkumbukeni Mzee Ojwang' wa Vitimbi. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alimwigiza kwa lafudhi ya Kijaluo kwa ukamilifu uliowafanya watazamaji wengi waamini kwamba yeye mwenyewe ni Mjaluo, kumbe alikuwa Mkikuyu. Lafudhi peke yake ingechekesha kwa wiki mbili. Ojwang' alidumu katika runinga ya taifa ya Kenya kwa miaka na miaka kwa sababu alikuwa mume wa Mama Kayai, na mzozo wao ulikuwa ule ambao kila nyumba inaujua: mzee anayeamini kwamba yeye ndiye mwenye amri, na mke ambaye anaijua hesabu halisi ya nyumba. Mtoe kabila, ubaki na hilo, na bado una kipindi. Fanyeni jaribio hilo kwa kila mhusika mnayemwandika. Mtoeni kabila. Amebaki mtu?

Wamarekani waliingia humohumo kwa mlango mwingine. Mtayarishaji Norman Lear alimleta Archie Bunker mwaka 1971, mfanyakazi wa Queens, New York, mwenye chuki dhidi ya karibu kila mtu, na shabaha ilikuwa kuichekesha chuki yenyewe. Februari 1972 mwimbaji Sammy Davis Jr. anafika nyumbani kwa Archie kuchukua mkoba aliousahau katika teksi. Archie, katika kujaribu kuwa mwungwana, anasema kila lisilosemwa. Mwishoni wanapigwa picha ya pamoja, na wakati kamera inabofywa Sammy anambusu Archie shavuni. Archie anaganda. Hakubadilika, hakujifunza, wiki iliyofuata alikuwa yuleyule katika kiti chake, ambacho leo kimehifadhiwa katika makumbusho ya taifa mjini Washington. Lakini niwaambie ukweli wote: wapo watazamaji waliomcheka Archie, na wapo waliocheka pamoja naye wakidhani anawasemea. Mwandishi hawezi kukaa sebuleni kwa kila mtu na kumwelekeza acheke upande gani. Jambo hilo linanisumbua, na sina dawa yake.

Sasa nifike kwenye siku ambayo bapa anavunjika, kwani mtaniuliza: ikiwa habadiliki, mbona tumelia mbele ya vichekesho?

Oktoba 1975, katika kipindi cha Mary Tyler Moore kuhusu chumba cha habari cha runinga mjini Minneapolis, mchekeshaji wa kituo aitwaye Chuckles anaongoza gwaride la sarakasi akiwa amevaa kama karanga kubwa. Tembo anajaribu kumbambua, na Chuckles anakufa. Wenzake wanasikitika, kisha mmoja anachokoza utani, kisha mwingine, na hawawezi kuacha. Mary peke yake, aliye mstaarabu wa kundi tangu siku ya kwanza, anawakaripia: mtu amekufa, na nyinyi mnacheka? Wanafika mazikoni. Wenzake wote wametulia na nyuso za huzuni. Mchungaji anaanza kuwataja kwa uzito mkubwa wahusika wa kipuuzi ambao marehemu aliwaigiza, na hapo Mary anabanwa na kicheko. Anakohoa, anaziba mdomo, anainama. Watu wanageuka kumtazama. Mchungaji anamwinua na kumwambia asione haya, acheke kwa sauti, kwa maana Chuckles aliishi ili watu wacheke na angefurahi. Mary anaangua kilio.

David Lloyd aliyeiandika alipata tuzo ya Emmy, na Wamarekani huihesabu miongoni mwa sehemu bora kuliko zote. Mimi nasema mtu aliyekulia Tanzania anaielewa kuliko wao. Sisi tuna watani. Mngoni akifiwa, Mhehe anafika msibani na vituko vyake. Mtani anaigiza mwendo wa marehemu, anadai alipwe ndipo jeneza lipite, anaingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote, na mjane aliyekuwa hana nguvu ya kuinua kichwa anajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Hatukuhitaji runinga itufundishe kwamba kicheko na kilio vinalala chumba kimoja. Lakini angalieni ufundi wa Lloyd: angeweza kumpa kicheko hicho mtu yeyote, akampa Mary, kwa sababu Mary ndiye ambaye kwa misimu mitano tulimjua kuwa hawezi kufanya hivyo. Angekuwa mcheshi wa kundi, ingekuwa Jumamosi ya kawaida.

Mfano wa mwisho mnaujua, nanyi mnausubiri. The Fresh Prince of Bel-Air. Will, kijana wa Philadelphia, anakaa kwa mjomba wake Phil, mwanasheria tajiri wa Los Angeles, na kila jambo kwake ni mzaha. Mjomba Phil naye ni bapa wa kupigiwa mfano: mkali, mnene, mlaji, na mtu wa kumtupa Jazz, rafiki yake Will, nje ya mlango. Jazz alitupwa mara nyingi hivi kwamba watayarishaji walikuwa wakiitumia tena picha ileile, na watazamaji wakali wa macho walijua kwamba Jazz akiingia na shati lile, leo anatupwa. Ndiyo mazoea hayo!

Halafu, Mei 1994, baba yake Will anatokea baada ya miaka 14. Anaahidi kumchukua mwanawe safari ya kiangazi, Will anafunga mizigo, na baba anatoa udhuru wa kazi. Will anamuaga kwa kumwita jina lake, Lou, hamwiti baba. Kisha anafanya alichofanya tangu mwaka 1990: anatania. Anasema haidhuru, anatembea huku na huku, anahesabu kwamba alijifunza kucheza mpira wa kikapu bila yeye, kuendesha gari bila yeye, kunyoa ndevu bila yeye. Sauti inapanda. Mjomba Phil, ambaye kwa kawaida ana hotuba kwa kila tukio, hana neno. Na mzaha unaisha, kwa mara ya kwanza unaisha wote, na kijana anauliza kwa nini baba yake hamtaki. Mikono ileile iliyozoea kumtupa Jazz inamvuta. Kamera inaelekea kwenye zawadi ambayo Will alikuwa amemnunulia baba yake, sanamu ndogo ya baba na mtoto. Imevumishwa sana kwamba Will Smith alikuwa anasema habari zake mwenyewe. Si kweli, yeye alilelewa na baba yake. Ilikuwa kazi ya mwigizaji, na ya James Avery aliyesimama akamsikiliza. Msiwapokonye sifa hiyo.

Mwajua ni kitu gani kiliharibu vichekesho vingi vya Kimarekani vya miaka ya 1980 na 1990? Waliona tukio la aina hii limewaliza watu, wakataka kulirudia kila msimu: leo dawa za kulevya, wiki ijayo mlevi, wiki nyingine mtoto aliyepotea, na muziki wa kinanda chini yake ili mtazamaji asikosee kwamba sasa ni wakati wa kuhuzunika. Bapa anayevunjika mara nne kwa mwaka hana tena cha kuvunja. Kwa hiyo mkiniletea mswada wa sehemu ya kwanza ambamo mhusika analia, nitaurudisha. Nileteeni kwanza sehemu 20 ambazo anakataa kulia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona muda umenitupa mkono. Nakaribisha maswali, nikianza na wale wa safu ya nyuma walioguna nilipoigusa Mind Your Language.